Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu kilikuja ndani ya sanduku la mmisionari,
kikalala stoo ya hospitali juu ya magunia ya chokaa,
mpaka Ambakisye Mwasomola alipokipangusa
kwa kiwiko cha sweta lake.
Mwandishi: Mwairishi wa zama za mishumaa,
mpasuaji wa maiti, mchoraji wa mishipa,
aliyefanya kazi miezi ya baridi tu
kwa kuwa joto halimsubiri marehemu.

Baridi hiyo sisi tunayo.
Juni, Mbeya, Loleza kajifunika ukungu hadi saa nne,
na ndani ya chumba cha anatomia
pumzi zetu zinaonekana,
ya mmoja tu haionekani.

Ambakisye hakuwa daktari.
Darasa la saba, Mwakaleli, basi.
Kazi yake fomalini, ndoo, shuka, funguo.
Lakini picha alizisoma
kama mtu anavyousoma uso wa anayemdai.
"Huyu Mzungu alikuwa na subira.
Neva hii ameifuata kama mfereji wa bustani,
toka kwenye kabichi hadi kwenye chemchemi,
hakuukata popote."

Alitutajia kwa Kiswahili kwanza:
kongosho, bandama, kiwambo, umio.
"Kilatini mtakariri usiku.
Mchana semeni na mtu kwa lugha anayoisikia."
Na mtu, kwake, alikuwa yule aliyelala mezani.

Ukurasa wa arobaini na moja: mkono,
umechunwa hadi kwenye kano,
kila uzi na herufi yake.
Mwairishi ametaja kisu, na aliyekinoa.
Ametaja mwezi, na mvua ya siku ile.
Ametaja mfadhili wake, kwa herufi kubwa.
Ambakisye akaweka kidole chenye sugu:
"Na mwenye mkono?"

Tukatafuta. Dibaji, tanbihi, faharasa.
Palikuwa na mstari mmoja:
mtu aliyenyongwa, mwenye afya njema.
Ambakisye alifunga kitabu, akaenda kubandika chai.
"Afya njema," nilimsikia akiiambia birika.

Mwaka uliofuata alipanda ngazi Mwanjelwa,
kwa wakili aliye juu ya duka la mbegu za viazi,
akatia sahihi mwili wake.
Ukoo ukakaa kikao siku mbili.
Dada yake Tupokigwe alisimama mlangoni:
"Migomba inajua idadi yetu. Tutaiambia nini?"
"Iambieni nimechelewa."

Alikufa Mei, moyo.
Meza ya tatu, tulikuwa wanne.
Mimi nilipangiwa mkono wa kulia.
Kovu la mundu wa pareto, hapa.
Sugu, hapa. Kile kidole.
Wembe ulinitetemeka, nikatoka nje,
nikasimama kwenye upepo karibu na tangi la maji,
nikarudi.
Siku tatu niliifuata neva
toka kwenye kiganja hadi kwapani.
Sikuikata popote.

Ubaoni mtu aliandika kwa chaki:
Ambakisye Mwasomola, wa Mwakaleli,
mtunza funguo,
hapendi tangawizi kwenye chai.
Profesa aliuliza nani kaandika.
Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyefuta
hadi muhula ulipokwisha.

Kitabu kipo bado. Juzi nilikifungua.
Pembeni ya mkono ule wa zamani, kwa penseli,
h ikiwa imedondoka:
*Jina lake alijulikani. Pole sana.*

Mifupa tuliirudisha baada ya miaka miwili,
sanduku la mninga, barabara ya utelezi,
mvua ya Mwakaleli isiyouliza msimu.
Shimo lilikuwa tayari katikati ya migomba.
Tupokigwe hakulia. Alitaka kuuona mkono.
Nilimpangia juu ya kanga, vifupa ishirini na saba.
"Vyote vipo?"
"Vyote, mama."
Akapiga magoti, akavihesabu mwenyewe,
mara mbili,
kwa Kinyakyusa.