Kiasi cha Kushika

Meno arobaini yamo kwenye chupa ya maji ya chumvi,
magego madogo, yaling'olewa Ngara na Eastleigh
ili mengine yapate nafasi.
Hayana majina. Nimeyapa namba kwa kalamu.
La kumi na saba ni la kahawia, lina madoa
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni:
mwenyewe alikunywa maji ya kisima tangu anyonyeshwe,
Nakuru labda, au hapa hapa Kahawa,
floraidi ikaingia, ikajenga, ikahamia.
Nalipaka asidi nusu dakika, sawa na wenzake.
Halichubuki.
Linanitazama tu.

Shitanda, fundi wa mashine, huuliza kila asubuhi,
"Leo tunavunja mangapi, daktari?"
Manane, namwambia. Anavuta kiti.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko ukucha.
Sugua. Paka asidi, hesabu, suuza,
puliza mpaka jino lipauke kama chaki:
weupe huo ndio mlango.
Tone la gundi. Breketi ya kauri, rangi ya jino,
ghali, ya kujificha,
huioni mpaka mwenyewe acheke karibu nawe.
Taa ya buluu, sekunde ishirini.
Stima ikipotea, anza upya.

Kesho yake ubapa wa mashine unashuka
taratibu, kama mgeni asiye na haraka ya kubisha,
nasi tunanyamaza.
Tak.
Shitanda anasoma megapaskali.
Mimi nainama na lenzi kuona gundi imebaki upande gani.

Zamani namba ikiwa kubwa nilipiga meza.
Hiyo ni kabla ya Kwamboka.

Kwamboka hukaa dirishani, sako ya walimu,
barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya pili,
anahesabu pesa za watu na midomo imefungwa.
"Sitaki chuma," aliniambia.
"Mtu akinitazama mdomo, atasahau hesabu yake."
Akalipa kidogo kidogo kwa simu, miezi ishirini na miwili,
na haikudondoka hata breketi moja,
si kwa mahindi ya kuchoma, si kwa mutura ya Jumamosi.
Nilijisifu kliniki nzima. Nikaonyesha wanafunzi picha.

Siku ya kutoa nikashika koleo.
Chuma ukikifinya hupinda, husalimu amri.
Kauri haijui kuinama.
Ya kwanza, ya pili, zikapasuka, nikakusanya vumbi lake.
Ya tano ilitoka nzima
ikiwa imebeba kipande cha jino,
chembe tu, chenga ya mchele.
Hakulia. Alipitisha ulimi pale mara moja,
mara mbili,
kama anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.
Kisha akauliza, kwa adabu inayouma,
"Kwani ilishikwa na nini?"

Kamba hukatikia pabovu, walisema,
wala hawakusema nani achague pabovu pawe wapi.
Ndiyo maana niko hapa na chupa hii,
gundi tatu, breketi za aina mbili,
moja imeng'ang'ania kwa dawa,
nyingine ina vijiwe mgongoni, inashika kama viatu vya mpira,
natafuta ile itakayovumilia ugali na hasira miaka miwili
na ikiambiwa basi, iachie gundi,
isiachie jino.

Leo zamu ya kumi na saba.
Tak, mapema, kabla Shitanda hajaketi vizuri.
"Namba ndogo," akasema, kwa huruma, kama anatoa pole.
Nikalipeleka dirishani, kwenye jua la Upper Hill,
nikapitisha ukucha juu ya yale madoa.
Laini. Halina mkwaruzo.
Nikaandika namba. Pembeni nikachora mshale mdogo
ambao msimamizi wangu ataufuta.

Kwamboka anakuja Jumamosi.
Pale palizibwa, rangi imeshabihiana, mimi mwenyewe hupatafuta.
Ulimi wake hautafuti.
Unakwenda moja kwa moja.