Kumi na Mbili Juu ya Kumi na Mbili

Maboksi manne ya bati, kila moja na feni yake,
niliyanunua kwa kilo siku kafe ya Sekiondo ilipofungwa,
vumbi la miaka kumi limeganda kwenye mapanga
kama ukoko wa wali.

Kompyuta zenyewe zilishakufa.
Hizi pawasapulai bado zilikuwa na pumzi:
gusisha waya wa kijani na mweusi,
feni inakohoa, inazunguka,
na waya wa njano unatoa volti kumi na mbili
bila kuuliza nani anazitaka.

Aliyezitaka ni Bi Mwanashehe wa Makorora,
nazi sabini kwa siku juu ya mbuzi wa kukalia,
bega la kulia limeshuka kama mzani uliobanwa.
Mkwewe kamletea mota kutoka Mombasa,
imeandikwa ishirini na nne; mengine yamefutika.

"Si hesabu ya kutisha," nikamwambia.
"Ni kumi na mbili kumpanda mwenzake mabegani."
Mdomo wa fundi hutangulia mita.

Usiku ule nikaunga njano ya huyu na mweusi wa yule.
Cheche!
Giza likaenea Ngamiani, upande wetu wote,
na muuza chipsi wa jirani akanitukana kwa Kidigo.

Sababu niliijua, niliisahau tu:
kila boksi limefunga mweusi wake kwenye bati,
bati kwenye waya wa ardhi,
na ardhi ni moja, ya kwangu na ya muuza chipsi.
Humwambii mtu apande bega
na huku umemfunga miguu sakafuni.

Hoza, mwanafunzi wangu, akashika koleo:
"Tukate huu wa ardhi kwenye plagi, fundi, yaishe."
Nikampiga kikofi cha mkono.
Ukikata, mota itazunguka, ndiyo, na watu watakusifu.
Bati litanyamaza miezi,
mpaka siku mkono uliolowa tui uliguse.
Ardhi ya boksi ni ya mtu. Hiyo haiguswi.
Tunayemng'oa ni mweusi wa ndani, yeye peke yake.

Tukaziacha kapasita ziishiwe kinyongo, ndipo tukafungua.
Skrubu za chuma nje, za plastiki ndani,
chini ya ubao viduara vya tyubu ya baiskeli,
maana Tanga hii utakosa chumvi, tyubu hukosi.
Mita, kati ya mweusi na bati, haikulia.

Ishirini na nne nukta moja.
Hoza aliisoma mara tatu, kama jina lake kwenye matokeo.

Lakini mota ikishtuka tu, maboksi yanazima.
Kimo cha maji kipo, bomba ni jembamba.
Basi jozi ya pili ikaja ubavuni, sambamba,
na hapo ndipo nilipokaa chini kidogo.

Kwa maana weka wawili wabebe mzigo mmoja:
aliyezidi nukta moja tu ataubeba wote,
mwenzake atasimama pembeni akijipepea.
Dada yangu Rukiya alimuuguza mama miaka sita, Pongwe.
Mimi nilituma pesa.
Feni yangu ilikuwa ikizunguka.

Dayodi kila jozi, na nyaya za urefu mmoja,
nikizipima kwa dhiraa kama mshona shuka,
ili mwenye nguvu achoke kidogo
na mlegevu naye aitwe.

Jumamosi, Makorora. Maboksi juu ya rafu, mbali na maji.
Nazi ya kwanza ikageuka theluji ndani ya sinia
kabla Bi Mwanashehe hajamaliza bismillahi.

"Na hizo kelele za nini?"
"Feni, bibi. Zinayapoza yasichoke."
"Mh. Na mimi miaka yote hii alinipoza nani?"

Akachukua nazi ya pili.
Bega la kulia lilikuwa bado linapanda na kushuka,
lenyewe, bila mbuzi,
kwa mazoea.