Kitobo Kilichohama

Usiku wa kuamkia Ijumaa vidole vya Thureya vilivimba,
na mwaka hajautimiza.
Mama mkwe akasema, ni baridi ya sakafu.
Jirani wa juu akasema, ni jicho.
Mimi nikavipaka mafuta ya nazi,
nikabembeleza, nikadanganya,
hadi adhana.

Makadara, mlango wa maabara una pazia la kijani.
Bwana Dzombo alitandaza tone la damu kwenye kioo,
akasogea pembeni: "Njoo utazame mwenyewe."
Nilitarajia mdudu.
Niliona miundu,
miundu midogo isiyo na mpini,
imeng'ang'aniana kama watu mlangoni.

Kisha akazikimbiza damu zetu kwa umeme.
Yangu ikaacha mistari miwili.
Ya Twalib, miwili.
Ya mtoto, ule wa mbele haupo.

"Selimundu," akasema. "Si jicho, si maziwa yako."
Nikamwambia aseme tena,
polepole, kwa lugha ya kazi yangu.

Mimi hushona kofia za vito, hapa Kibokoni.
Ruwaza nilipewa na nyanya, naye na nyanyake,
kila mmoja akinakili vitobo vya mwenzake.
Mahali fulani, mkono fulani, mwaka usiojulikana,
kitobo kimoja kilihama.
Hakuna aliyekiona. Kikanakiliwa.

Na kofia ina nguo mbili, ya juu na ya ndani.
Kosa likiwa kwenye moja, nyingine husitiri;
utaivaa hadi uzeeni usijue.
Mimi na Twalib ni watoto wa ndugu wawili.
Siku ya harusi walisema, damu imerudi nyumbani.
Imerudi kweli,
na kitobo chake, juu na ndani, mahali pamoja.

"Kwetu hakuna uwele huo," mama mkwe akaapa,
kisha akawataja, bila kukusudia, wanawe watatu
waliokufa "kwa homa" kabla ya kuota meno yote.

Benchi la kliniki ni refu.
Yupo mama wa Changamwe: mwanawe aking'oka jino
shuka tatu hulowa. Hiyo yeye ndiye aliyembebea,
na mwenyewe hajatokwa na zaidi ya tone.
Yupo Mwanakombo wa Likoni, binti yake hucheka na kila mtu.
"Wangu hakurithi kwa yeyote," husema,
"alizidishiwa uzi mmoja siku ile ya kwanza kabisa,"
na humfunga kamba za viatu bila haraka.

Robo, Dzombo aliniambia.
Robo naijua, ya nyama, ya sukari.
Hii haikumbuki iliyopita:
kila mimba hukatwa upya.
Tena akanena jambo lililoninyima usingizi:
huenda kitobo hicho, kikiwa kwenye nguo moja tu,
ndicho kilichomwokoa babu yetu na homa ya mbu.
Basi nimlaani nani?

Jana wifi kaleta kitambaa cheupe,
kofia ya harusi ya Faruki,
anayemuoa Ruweida, binti ya ami yake.
"Mmepima?" nikauliza.
"Si umeushika utepe? Pima kichwa."
"Damu," nikasema.

Chai yake ikapoa na utando juu.
Thureya aliingia akitambaa, akavuta uzi.
Kitambaa kingali magotini mwangu.
Sijatoboa.