Karani wa Majini

Ami Shebwana alikuwa karani wa forodha, Kilindini:
mchana akihesabu magunia ya saruji,
usiku akihesabu majini.
Aliandika nyuma ya karatasi za mizigo,
ndiyo maana hadithi zake za mwanzo
upande mmoja zina kiumbe kilacho vivuli vya watoto,
upande wa pili tani arubaini za mchele.

Mpiga chapa wa Mwembe Tayari alimlipa kwa nakala.
Tukazila nakala hizo: tukafungia bajia,
tukawashia jiko,
na mara nyingine, mlango ukishakomewa, tukazisoma.

Watu wakimuuliza, vitisho hivi wavitoa wapi?
hujibu: "Kodi ya nyumba."

Barazani walimteta. Mamangu
alikataza yule mwenye kwato kutajwa baada ya magharibi.
Lakini mwandishi mwenyewe, nawaambia mimi niliyelala chumba cha pili,
hakuzima taa miaka thelathini.
Aliogopa paka.
Aliogopa choo cha uani.

Vitabu kumi na kimoja. Tuzo moja tu, saa ya ukutani,
nayo ikafa kabla yake.

Siku ya tatu ya matanga, Kibokoni,
akaingia bibi mmoja, buibui lafagia sakafu,
akauliza ile hadithi ya mwisho ingeishia wapi.
Nikamwambia sijui, hakuimaliza.
Akacheka kidogo. "Mimi naijua,"
akasema, akateremka ngazi za mawe

ko,
ko,
ko.