Wasemavyo

Tangazo niliandika mwenyewe kwa kalamu ya kuandikia magunia:
MBWA HAWARUHUSIWI DUKANI.
Nikalibandika mlangoni kwa uji mzito, gundi ilikuwa imekauka.
Ilikuwa Oktoba, Nkuhungu, upepo ukiingiza vumbi
hadi kwenye mizani ya sukari.

Sikuandika kwa chuki.
Mtoto wa Mama Elifuraha aling'atwa pajani
alipotumwa chumvi, akadungwa sindano wiki baada ya wiki.
Na Ustadhi Kidunda, mteja wangu tangu nauza mafuta ya taa kwa kopo,
alisimama nje kakusanya kanzu mkononi
kama mtu anayevuka mto,
akaniambia kwa upole, "Sina ugomvi na mbwa, binti yangu.
Ila mate yake yakinigusa nina kuosha mara saba,
na adhana imebaki dakika kumi."

Wa kwanza kulivunja alishuka kwenye gari la vioo vyeusi,
mmoja wa waliohamia na ofisi zao kutoka Dar,
kakumbatia kitu cheupe chenye utepe.
"Dada, tangazo," nikasema, kidole changu kikiona haya.
Akacheka. "Huyu si mbwa, mpenzi. Huyu ni Biskuti."
Biskuti akanusa kaunta, akanusa mikate,
akapiga chafya juu ya mayai.
Nikanyamaza. Alikuwa ananunua trei tatu za mayai hayohayo
na mchele kilo ishirini na tano, bila kuuliza bei.
Ukitaka kujua bei ya ukimya wangu, piga hesabu.

Ndahani huja alfajiri kutoka Zuzu,
madumu mawili ya maziwa, baiskeli isiyo na breki,
na nyuma yake mbwa mwenye rangi ya njia.
Anaitwa Wasemavyo.
Majina ya mbwa kwetu ni barua kwa majirani:
baba yangu alifuga Yatapita,
jirani akajibu kwa kufuga Tutaona.
"Mbukwenyi," husema Ndahani, huacha ndala mlangoni
ingawa sijawahi kumwambia,
na Wasemavyo hulala kando ya kreti za soda,
kidevu juu ya ndala hizo,
akihama na kivuli kadiri jua linavyomsukuma.
Hajawahi kuvuka kizingiti.
Hajui kusoma. Nani alimsomea?

Juzi mvua ya kwanza ilishuka bila hodi,
hii yetu, inayopotea miezi saba
kisha inadai madeni yote kwa siku moja.
Duka likajaa: wanafunzi, fundi pikipiki,
mbuzi wawili wasio na mwenyewe (mbuzi sikuwaandika),
Biskuti akitetemeka ndani ya mtandio wa bibi yake,
Ustadhi kajibana kwenye magunia ya unga.
Ndahani alikuwa anahesabu chenji, hakutazama nje.
Nje Wasemavyo, maji yakimchirizika masikioni,
ameziinua ndala kwa meno zisichukuliwe na mkondo.

Tukamwona wote. Hakuna aliyesema.
Ndipo Ustadhi akapandisha kanzu hadi magotini,
akarudi nyuma, unga ukampaka mgongo mzima.
"Hapo," akasema, "penye gunia la kufutia miguu.
Hapo si ndani sana."
Ndahani akapiga mluzi.
Nami mwenye tangazo nikaita, nikaita kwa jina.

Wasemavyo akatutazama, mmoja baada ya mwingine.
Akaja hadi kizingitini,
akaziweka ndala ndani, taratibu, moja kando ya nyingine,
akarudi kwenye mvua.

Tangazo bado lipo. Maji yameramba wino,
yamebakiza maneno mawili tu: MBWA HAWA.
Wateja husoma, hugeuka, huniuliza,
"Hawa wapi?"
Sijajibu. Kalamu naitafuta
tangu juzi.