Nukta

Kijana wa steshenari pale Pasiansi
alinitoza mia tano kwa ukurasa.
Nikamwambia, andika hivi:
Mtoa huduma ni mkandarasi anayejitegemea.
Atakuja na vifaa vyake.
Hakuna likizo. Hakuna matibabu.
Akiumia, ameumia mwenyewe.
Akauliza, mama, hapa mwisho nukta au mkato?
Nikasema nukta.

Shemeji yangu ndiye aliyenifunza.
Mwajiriwa, alisema, ni mdomo,
mkandarasi ni mkono:
mdomo utaulisha hata siku isiyo na kazi,
mkono ukimaliza unanawa, unakwenda zake.
Nami nilikuwa na chanja kumi na mbili Igombe,
mizani moja yenye kutu,
deni la kikoba,
na wanawake watano wa kuanika na kuanua.

Wakaweka dole gumba, mmoja baada ya mwingine,
wino wa zambarau juu ya magamba.
Nyanzobe peke yake alisoma.
Alisoma kama anayechambua mchanga kwenye dagaa,
midomo ikicheza,
akafika chini, akarudi juu.
"Anayejitegemea," akasema. "Neno hili nimelipenda."
Akaikunja nakala yake mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga, palipo na hela.

Mwezi ulipoingia gizani, ziwa likatoa.
Karabai usiku kucha, asubuhi ndoo kwa ndoo,
chanja zote zikameta kama bati jipya.
Saa tano, wingu likasimama upande wa Ukerewe,
jeusi, halina haraka.
Nikapiga simu.
"Nyanzobe, mko wapi? Mvua hiyo!"
"Tuko kwa Bugumba, tunamwanulia."
"Bugumba? Ninyi si watu wangu?"
Kimya. Nikasikia upepo kwenye simu yake,
upepo ule ule uliokuwa unanivua kilemba.
"Kwani karatasi inasemaje, mama?"

Hakuwa na kiburi. Ndicho kilichoniuma.
Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Walikuja. Watano, na wa sita mdogo wake Kabula,
maana mkandarasi, alisema, hutuma mtu.
Walikuja na turubai lao, vifaa vyao,
na bei yao: elfu tatu kwa chanja kila mmoja,
si tena elfu tano kutwa nzima.
Nikahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.
Tone la kwanza likaniangukia kwenye kope.
Nikasema haya, haya, anueni!

Chanja tisa zilipona.
Tatu tuliwauzia wafuga kuku, kwa bei ya kuku.

Na katika kukimbia huko
Ng'washi akakanyaga ubao wenye msumari.
Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye tope,
akakishika kisigino chake kwa mikono miwili
kama kitu alichoazimwa.
Wote wakanitazama mimi.
Si Nyanzobe tu, wote, hata Kabula
ambaye jina lake halikuwa popote kwenye karatasi yangu.

Nilichana kanga. Nikaita bodaboda.
Kituo cha afya Sangabuye, sindano ya pepopunda, nyuzi saba,
elfu ishirini na mbili.
Hakuna kifungu kilichoniambia lipa.
Nililipa huku ninanung'unika, nisijisifu,
na usiku nikaitoa ile elfu ishirini na mbili kwenye hesabu ya chanja,
nikairudisha,
nikaitoa tena.

Jumatatu nimekwenda Pasiansi.
Kijana akaifungua kazi yangu kwenye kioo,
bado ipo, maneno yamekaa wima kama askari.
"Turekebishe wapi, mama?"
Pale mwisho, nikasema. Ameumia mwenyewe.
Ifute nukta, weka mkato.
Akaweka. "Halafu?"
Kile kimstari kikawa kinawaka na kuzima,
kinawaka na kuzima,
na watu wa foleni nyuma yangu
wakaanza kukohoa.