Herufi Moja

Wamempa kioo. Kizito kama jiwe la mizani,
kimechongwa mfano wa mwali wa moto,
na katikati, kwa maandishi ya dhahabu:
Wakfu wa Mawakili wa Malindi
unamtuza Wakili Nyevu Mwalinga
kwa miaka ishirini na sita ya utumishi.

Mwalinga.
Kwa l badala ya r.

Mimi niliketi meza ya tisa, karibu na mlango wa jikoni,
shingoni mkufu wa kuazima kwa dada,
na kosa nililiona kutoka huko huko.
Macho haya yamekagua viapo tangu enzi za taipureta
iliyokuwa ikiruka r kila ukiiharakisha.
Hayajui tena kusoma jina kwa raha.

Jaji mstaafu alihutubia. Alisema "nguzo",
akasema "taa", akasema "nguzo" tena.
Hakumtaja Kadzo wa Kakuyuni
aliyetujia na hati ya shamba ndani ya mfuko wa unga,
marehemu mumewe, Kenga, kaandikwa Kega,
n imedondoka njiani, haijulikani mkononi mwa nani,
na kwa ajili ya hiyo n
akaambiwa mikorosho aliyoipanda si yake.
Miaka saba tuliitafuta.
Jalada likanenepa hadi kamba ikakatika.
Malipo yalikuwa muhogo. Tukachemsha, tukala.

Wala hakusema jinsi wakili huyu anavyosimama kortini,
kisigino kimoja nje ya kiatu,
akimgeukia mteja kumweleza kwa Kigiriama
alichokisema hakimu kwa Kiingereza,
hata kama mkalimani yupo, na analipwa.

Alipoitwa alisema asanteni, mara mbili.
Akakitazama kioo. Mdomo ukamcheza.
Akaketi.

Garini, tukirudi Barani, nikashindwa kuvumilia:
"Wakili, wamekosea jina."
"Nimeona."
"Tuwarudishie walirekebishe?"
Alicheka mpaka akaegesha gari kando ya duka la makaa.
"Saumu, wateja wetu huwa wanarudisha wapi?"

Jumatatu alfajiri, kabla ya foleni,
alivuta kiti cha wateja, kile cha mguu mfupi
tunachoapa kila mwaka kukitengeneza.
"Andika."
Nikaandika, kama niwaandikiavyo wote:

Mimi, Nyevu Mwaringa, mtu mzima mwenye akili timamu,
mkazi wa Malindi, naapa na kusema
kwamba mimi ndiye niliyetajwa kwa jina la Mwalinga;
kwamba Mwaringa na Mwalinga ni mtu mmoja, yule yule;
kwamba niyasemayo ni kweli
kwa kadiri ya ujuzi na imani yangu.

Akavuka barabara kwa kamishna wa viapo,
akapanga mstari nyuma ya kijana aliyepoteza kitambulisho.
Akalipa kama watu.
Akarudi na muhuri, wino haujakauka,
akanidai faili.

Kioo sasa kinakandamiza karatasi zisipeperushwe na feni.
Kiapo nimekibandika ukutani, usawa wa macho
ya mtu aliyeketi kwenye kile kiti.

Jana Kadzo alipita kutuamkia.
Akakinyoshea kidole, nikamsomea, neno kwa neno.
Alinyamaza, akizungusha bangili mkononi.
"Na yeye," akauliza,
"itamchukua miaka mingapi?"